Usiguse fremu 60 kwenye Dark Souls ya PC kabla hujanakili sevu

Mkuu, simama hapo hapo. Usihifadhi hilo badiliko.

Umeuliza mambo manne: kwa nini Dark Souls: Prepare to Die Edition ina picha ya ukungu hata ukichagua 1920x1080, kama utumie padi au kipanya, teksicha mpya zinapachikwa vipi, na kama mtandaoni bado kuna watu. Ya padi na teksicha yatasubiri. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba ni kitu kidogo: umefuata mwongozo, umeweka unlockFPS 1 kwenye DSfix (programu ndogo ya marekebisho), yaani umeondoa kikomo cha fremu, na usiku huu unashuka Blighttown na mhusika wa saa 60 mwenye roho, ile sarafu ya gemu, zaidi ya laki moja. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Blighttown, lile eneo la kinamasi kwenye gemu, ni ngazi juu ya ngazi. Kwa kujaribia fremu 60 kwa sekunde, hakuna mahali pabaya kuliko hapo.

Kanuni ni moja tu: nakili sevu, yaani faili la maendeleo yako, kwanza, ndipo uguse fremu. Mengine yote yanarekebishika.

Toka kwenye gemu kwa njia ya menyu, yaani Quit Game mpaka urudi kwenye skrini ya jina, halafu funga. Usiifunge kwa Alt+F4, na usizime kompyuta wakati ile alama ndogo ya kuhifadhi inaonekana kwenye kona ya skrini. Fungua Documents, ingia NBGI, kisha DarkSouls. Humo kuna faili linaloitwa DRAKS0005.sl2. Ukiwa ulianza kucheza enzi za Games for Windows Live, ile huduma ya zamani ya Microsoft, huenda liko ndani ya folda nyingine yenye jina la akaunti yako ya wakati huo. Nakili faili hilo kwenye diski nyingine au fleshi, na folda uipe jina la tarehe ya leo. Kazi yote haifiki dakika 2.

Faili hilo moja lina wahusika wako wote. Hakuna sevu ya jana wala ya saa moja iliyopita. Dark Souls hujihifadhi yenyewe karibu kila unapofanya jambo: ukiokota kitu, ukiua adui, ukifa. Na kila mara huandika juu ya faili lile lile. Kwa hiyo kosa likishatokea, gemu yenyewe ndiyo inayolipiga muhuri. Watu waliozoea gemu za kuigiza zenye nafasi 20 za sevu hawalioni hili mpaka limewapata.

Sasa ngazi. Gemu hii ilitoka 2011 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, na hesabu zake za mwendo zilipangwa kwa fremu 30 kwa sekunde. Toleo la PC la Agosti 2012 lilikuja na kikomo hicho hicho cha 30. DSfix, iliyotengenezwa na mtu anayejiita Durante, inaweza kukiondoa na kukupa 60, na kamera inakuwa laini kiasi kwamba hutaki kurudi nyuma. Lakini hesabu zilizo chini yake hazikuandikwa upya, na huwezi kuziandika upya kutoka nje. Ukiwa kwenye ngazi na ukashikilia kitufe cha kukimbia, kile kile cha kubiringika, B kwenye padi ya Xbox, mhusika huteleza kwenda chini kwa kasi. Kwa fremu 60 anaweza kufika mwisho wa ngazi na gemu ikakosa kumshika kwenye sakafu. Anapita. Unaiona ramani kwa chini, kuta zikiwa hazina mgongo, kisha unakufa.

Kifo chenyewe si mwisho wa dunia, kwa gemu hii kufa ni kawaida. Hasara iko kwenye kilichobaki nyuma. Roho zote ulizobeba, pamoja na ule ubinadamu unaohesabiwa kwenye kona ya juu kushoto, vinabaki kwenye doa la damu, alama ya pale ulipofia. Ukifa tena kabla ya kuligusa, vimefutika. Na njia ya kurudi kwenye doa ni ipi? Ngazi zile zile, kwa fremu zile zile, kidole kile kile kwenye B, na safari hii una haraka kwa sababu unawaza laki yako moja. Hapo ndipo watu wanapopoteza mara ya pili. Na kwa kuwa gemu imeshahifadhi vifo vyote viwili, huna pa kurudi kama hukunakili.

Jambo hili halitokei kila ngazi, na ndiyo maana linadanganya. Unaweza kuteleza ngazi kumi salama ukaamini mafundisho ya kwamba "mimi halijawahi kunitokea". Ya kumi na moja inakumeza.

Pili, kuruka. Kwa fremu 60, mruko wa kukimbia unapungua umbali. Kwenye njia pana hutagundua. Kwenye ukingo ambao hata kwa 30 unaufikia kwa vidole vya miguu, utaanguka ukidhani mikono yako imeharibika.

Dawa ya yote mawili ipo ndani ya DSfix yenyewe. Fungua DSfixKeys.ini, tafuta toggle30FPSLimit. Kitufe chake cha kawaida ni Backspace. Ukikibonyeza gemu inarudi 30, ukibonyeza tena inakwenda 60. Kabla ya ngazi yoyote unayotaka kuteleza, na kabla ya mruko wowote wa kubana, rudi 30. Ukisahau, basi shuka hatua kwa hatua bila kushika kitufe cha kukimbia. Ni polepole, inachosha, lakini sakafu inakushika. Kama Backspace iko mbali na mkono wako, kihamishie kwenye kitufe ambacho kidole kinakifikia bila kuangalia, maana ukiwa unakimbizwa hutakumbuka kukitafuta.

Acha niseme kuhusu hiyo miongozo. Kuna watu wameandika, na wengine wamerekodi video, "hatua 3 za kuifufua Dark Souls kwenye PC", na hatua ya tatu daima ni unlockFPS 1, furahia. Hakuna neno juu ya ngazi. Hakuna neno juu ya sevu. Nilifuata maneno ya namna hiyo na nikalipa, na bado naona yananakiliwa toka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Durante mwenyewe hakuficha: maelezo yanayokuja na DSfix yanaonya kwamba kuondoa kikomo kunaweza kuleta matatizo na kwamba unafanya kwa hiari yako. Mtu amesoma onyo, akalikata, akabakiza kile kipande kitamu. Huko ni kuwapeleka wenzako shimoni ukiwa unaujua mlango wake. Hata FromSoftware, watengenezaji wa gemu, siwalaumu kwa ukali huo. Walisema kabla ya gemu kutoka kwamba uzoefu wao wa PC ni mdogo na kwamba tutapata kilekile cha konsoli. Wachezaji walikuwa wameiomba kwa sahihi za maelfu mwanzoni mwa 2012, wakaipata ilivyo. Waandishi wa miongozo ndio waliokuwa na habari kamili mkononi na hawakuitoa.

Na usidhani ni ajali ya gemu moja. Dark Souls II ilipokuja PC mwaka 2014 ilikuwa na fremu 60 tangu siku ya kwanza, na silaha zikawa zinachakaa kwa kasi maradufu zinapogonga maiti au kuta, kwa sababu mgongano ulihesabiwa kwa fremu. Fremu zikiwa mara mbili, hasara ni mara mbili. Marekebisho rasmi yalikuja 2015. Mfululizo huu una desturi ya kufunga mambo ya ndani kwenye idadi ya fremu, kwa hiyo popote unapoikuta namba hiyo inabadilishwa, nakili sevu kwanza.

DSfix ina mtunza nakala ndani yake, na hao waandishi pia hawamtaji. Kwenye DSfix.ini hakikisha enableBackups imeandikwa 1. Chini yake kuna backupInterval, ambayo ni sekunde: 1500 ni dakika 25. Ishushe mpaka 600, hiyo ni dakika 10 na ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Halafu maxBackups. Ukiiacha 10, nakala 10 za kila dakika 10 zinafunika saa 1 na dakika 40 tu, kisha ya zamani inafutwa kupisha mpya. Ukicheza saa tatu bila kugundua tatizo, nakala nzuri imeshaondoka. Weka 40 au 50, mafaili yenyewe ni madogo. Nakala hizi huwekwa kando ya sevu, kwenye folda ile ile, kwa hiyo hazichukui nafasi ya ile uliyoipeleka kwenye fleshi.

Kurudisha: funga gemu kabisa kwanza, kwa sababu ikiwa wazi itaandika juu ya ulichorudisha. Sevu mbovu usiifute, ibadilishe jina tu. Chukua nakala unayoitaka, inakili, kisha ibadilishe jina mpaka iwe DRAKS0005.sl2 bila herufi ya ziada mbele wala nyuma. Windows ina tabia ya kuficha mwisho wa jina la faili. Washa mwonekano wa miisho ya majina kabla hujaanza, la sivyo utaona jina sahihi machoni huku gemu ikikuambia hakuna sevu.

Ukungu wa picha ni rahisi. Toleo hili huchora kila kitu kwa 1024x720, kisha hukivuta kijae kioo chako. Rezolusheni unayochagua kwenye menyu inabadilisha dirisha, haibadilishi mchoro. Fungua gemu bila DSfix, ingia kwenye mipangilio ya picha, zima anti-aliasing (kulainisha kingo), toka. Hii usiiruke, kwa sababu ukiiacha imewashwa utapata skrini nyeusi au picha iliyojibana kwenye kona, na utaanza kuilaumu kadi yako ya picha. Kisha weka mafaili ya DSfix ndani ya folda ya DATA, pale pale ilipo DARKSOULS.exe, si folda ya juu yake. Kwenye DSfix.ini andika renderWidth 1920 na renderHeight 1080, presentWidth na presentHeight ziache 0. Kulainisha kingo kutafanywa na DSfix yenyewe kupitia aaQuality. Ile dofOverrideResolution iache 540, ndiyo inayohifadhi ukungu wa mbali ulivyokusudiwa. Na unlockFPS irudishe 0 kwa sasa. Kwa hayo pekee gemu inapendeza, amini, na hakuna hata sakafu moja iliyo hatarini.

Mtandaoni kwenye toleo hili hakuna tena. Seva za PC zilizimwa Januari 2022 kwa sababu ya tundu la usalama lililoweza kumruhusu mtu kuendesha programu kwenye kompyuta ya mwenzake. Remastered, toleo lililoboreshwa la 2018, ilirudishiwa mtandao Novemba 2022, hii ya kwetu haikurudishiwa. Kama shida yako kubwa ni kucheza na wengine, au unataka fremu 60 bila kuhesabu ngazi, Remastered imetengenezwa kwa 60 na huhitaji haya yote. Sevu yako ya sasa lakini usitegemee kuihamishia huko, utaanza upya.

Ukiamua kubaki na hii na bado unaitaka 60, na nakuelewa, fanya hivi usiku huu. Nakala kwenye fleshi. enableBackups 1. backupInterval 600. unlockFPS 1. Usiende Blighttown moja kwa moja. Kaa kwenye moto wowote wa kupumzikia na utumie zile roho, pandisha kiwango cha mhusika, nunua mishale, chochote, mpaka ubaki karibu na sifuri. Nenda Undead Burg, kwenye ile ngazi ya mkato unayoipiga teke kutoka chini ya daraja la joka. Zungusha kamera, bonyeza Backspace, zungusha tena. Lazima uone tofauti kwa macho: kwa 30 mzunguko una mikwaruzo, kwa 60 unatiririka. Ukishaweza kusema bila kubahatisha uko kwenye ipi, kaa dakika 10, kisha toka ukaangalie kwenye folda ya NBGI kama nakala mpya yenye saa ya leo imejitokeza. Kama haipo, mistari uliyoibadilisha haijasomwa, na mara nyingi ni kwa sababu DSfix.ini uliyoihariri iko kwenye folda ya kupakulia badala ya DATA. Rekebisha hilo kabla hujaikaribia Blighttown.