Picha Niliyoiuza kwa Shilingi 12,000

Juma lililopita mchoraji kijana wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia: "Kaka, nimemaliza picha yangu ya kwanza kubwa. Kuna mtu anaitaka kwa elfu kumi. Niuze?" Nilikaa na ujumbe ule usiku kucha. Mwezi mmoja tu kabla yake nilikuwa nimekutana na picha yangu mwenyewe kwenye simu, inauzwa shilingi 380,000.

Naiita Feri ya Magharibi. Niliichora mwaka 2016 kwa rangi za mafuta, upana wa mita moja na nusu. Ni watu wanaovuka kwa feri ya Likoni jioni baada ya kazi, kila mmoja na mzigo wake, na katikati yao mama aliyevua kiatu anajikanda kisigino. Kisigino kile nilikichora na kukifuta siku 11, mpaka siku niliyokitazama nikausikia uchovu wa mama yangu mzazi. Bado naamini sijachora kitu bora kuliko kile. Wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye jumba moja la sanaa Nairobi alinihesabia 12,000 mkononi, hakuna karatasi wala sahihi, akaniambia nishukuru kwamba kazi yangu imepata ukuta. Nilishukuru. Nikapanda basi la usiku kurudi Mombasa na moyo mweupe.

Miaka iliyofuata nilichora, nikauza, nikakwama, nikachora tena.

Wachoraji wenzangu vijana, najua ndoto yenu, kwa sababu ndiyo yangu. Novemba 2019, The Conservationists, picha ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kule New York kwa dola milioni 1.5. Wenyewe wa mnada walikuwa wamekadiria dola 50,000 hadi 70,000. Siku ile kila mchoraji niliyemjua alinitumia habari hiyo, na kila mmoja alijiona yuko njiani. Hatukuuliza zile hela zilikwenda kwa nani. Mnadani anayelipwa ni mwenye picha, si aliyeichora, na sheria ya Marekani haimpi mchoraji fungu lolote kazi yake inapouzwa upya.

Kwa hiyo mimi simtazami Armitage kwa sababu ya milioni ile. Namtazama kwa lubugo, nguo anayochorea juu yake. Ni gome la mti wa mutuba ambalo Waganda huligonga mpaka likawa nguo, na wafu wao huvishwa humo. Yeye alikutana nalo kwenye soko la watalii Nairobi, masoko yale yale tunayopita kila siku tukitafuta turubai ya kuchorea ya kutoka ng'ambo. Matundu na mishono yake haifichi, anaiacha iamue picha ielekee wapi. Na alipopewa kumbi za Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, aonyeshe kazi zake mwaka 2021, aliingia na wazee wake, wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia: Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Sane Wadu. Taasisi ya sanaa aliyoianzisha Nairobi ilifungua milango yake mwaka 2022 kwa kazi za huyo huyo Wadu, mwalimu aliyeacha ualimu ili achore, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Hebu fikirieni Wadu alivyongoja miongo mizima! Ninyi mnataka thamani ije kabla rangi haijakauka.

Sasa nisikilizeni. Kenya ilibadilisha sheria ya hakimiliki mwaka 2019, na mchoraji ana haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Asilimia 5 ya 380,000 ni 19,000. Fungu hilo peke yake linashinda nilicholipwa kwa picha nzima. Lakini nilipotaka kulidai, nilianzia wapi? Sina risiti. Sina hata picha ya kamera ya kazi ile. Nyuma ya turubai sikuandika hata jina. Nina kumbukumbu tu, na kumbukumbu haina muhuri.

Andikeni. Kabla kazi haijatoka nyumbani, andikeni jina, mwaka, vipimo, bei na aliyeichukua. Jumba la sanaa likichukua nusu ya bei, sawa, mradi iandikwe. Rafiki akikuambia mnaaminiana, mwandikiane. Na usiiuze kazi siku mwenye nyumba amegonga mlango. Kopa, uza simu, bei ya siku hiyo si ya picha, ni ya njaa yako. Najua ni maneno makali. Mimi niliambiwa kwa upole nikiwa na miaka 24, sikusikia.

Kijana wa Kisauni nilimpigia jana. Ameomba 45,000 na mnunuzi amesema atafikiria. Picha bado iko kwao, imeegemezwa ukutani, na nyuma yake ameandika jina na mwaka kwa kalamu isiyofutika. Alinitumia upande huo kwanza, kabla ya kunionyesha alichochora.