Ngiri isiyoonekana kwa kupapasa
Pole dada, umeuliza kuhusu mama yako ambaye daktari hakumwona na tatizo. Kuumwa kwake pembeni chini ya kitovu, na uvimbe unaotokeza akisimama kisha kupotea akilala, inaweza kuwa ngiri ya Spigeli, yaani utumbo au mafuta ya ndani kutokeza kupitia tundu kwenye ukuta wa tumbo. Ni adimu na hujificha: hupenya ukingoni mwa msuli mrefu wa tumbo lakini hubaki chini ya tabaka la nje la misuli ya tumbo, ndiyo maana daktari alipapasa asione kitu. Ombeni ultrasaundi, apimwe akiwa amesimama na akikohoa. Isipoonyesha, kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta). Ikithibitika, tafadhali msingoje ikue. Tundu lake ni jembamba, utumbo hunaswa kirahisi. Upasuaji huliziba, mara nyingi kwa wavu maalumu wa kitabibu. Akianza kutapika na uvimbe ukagoma kurudi, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.