Mke wangu hanipi nafasi ya kuandika riwaya

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, ni karani wa ghala hapa Tanga, tuna watoto watatu. Natunga tangu nikiwa sekondari, na huu ni mwaka wa tisa nina riwaya kichwani. Nilitaka kuipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, lakini mke wangu hanipi nafasi. Meza ya sebuleni imejaa ukili wake wa mikeka. Nikishika kalamu ananipakatisha mtoto. Nikirudi kahawani saa tatu usiku anataka taa izimwe, eti anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vyake. Tulichukua fedha kidogo kwenye kikoba nikapanga chumba Makorora, Sh 60,000 kwa mwezi, ili niandike kwa utulivu. Sasa mwezi wa tano, na nyumba haikaliki. Juzi kaniambia riwaya yangu haijazi sufuria. Shaaban Robert angekuwa na mke kama huyu, leo tungemsoma? Nimeanza kufikiria tuachane. Nishauri. Mtunzi, Tanga."

Marahaba, mwanangu, na pole. Kukaa na hadithi kifuani miaka tisa ni mzigo, na kiu ya kutunga ni kiu ya kweli, haizimwi na mshahara. Wanaosema utunzi ni kazi ya wasio na kazi hawajui wanachosema. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma nikiwa upande wa mkeo, maana yeye hakupata nafasi ya kuandika ya kwake.

Umeandika "nikirudi kahawani saa tatu usiku". Neno hilo limekuponyoka. Tuseme ghalani mnafunga saa kumi na moja jioni. Toka hapo hadi saa tatu ni saa nne, na hizo mkeo hakukunyang'anya. Umezikalia barazani na wenzako, kikombe mkononi, mnahukumu mpira na serikali. Sikukatazi baraza, mwanamume asiye na baraza hukauka. Lakini usije kwangu kulia kwamba huna muda, wakati muda wako unamwagwa kila jioni pamoja na mashapo ya kahawa.

Halafu umeandika "tulichukua fedha kidogo kwenye kikoba". Nani alichukua? Kikoba kingekuwa chako ungesema "nilichukua". Hiyo ni fedha ya vitumbua, mwanangu, ya mtu anayeamka saa kumi. Sh 60,000 mara miezi mitano ni laki tatu. Kurasa ulizoandika humo hukuzitaja hata moja, nami nimeelewa.

Na hicho chumba. Mume akipanga chumba mtaa mwingine, mkewe hana ufunguo wake, majirani hawasemi kwamba bwana anaandika riwaya. Sikutuhumu kuwa una mtu. Nakuambia mkeo amelala na swali hilo miezi mitano, akiamka analikuta palepale, na fedha iliyolipa kodi ni ya kwake. Nyumba ingekalikaje?

Sasa tuje kwenye meza, maana hapo ndipo barua yako iliponiumiza. Umeutaja ukili kama takataka iliyokuzibia njia. Umewahi kumtazama mkeo anaposuka? Ukindu ameshauchana, ameuanika juani, ameuchemsha na rangi sufuria kwa sufuria. Anaulowanisha kidogo usikatike. Chai iko jikoni inachemka, mtoto kajiegemeza gotini, na vidole vyake vinakwenda, kimoja kinapindua, kingine kinabana. Anasuka shibiri mbili, mtoto analia, anauviringisha ukili na kuuweka. Kesho anaanzia mahali palepale. Pima kwa pima, wiki kwa wiki, na sindano ya kuunganishia bado hajaigusa, kwa sababu mkeka haushonwi mpaka ukili utoshe. Na kichwani mkeka mzima tayari anao, anajua zambarau itakutana wapi na manjano. Huo nao ni utunzi. Nani alikaa naye akamuuliza kwa nini ameanza na rangi ile?

Nyumba yenu ina watunzi wawili. Mmoja anafanya kazi, mwingine anangoja utulivu.

Wala usinitajie Shaaban Robert kwa namna hiyo. Unaishi Tanga, yakupasa umjue vizuri zaidi. Yule bwana alizaliwa Vibambani, hapo hapo kwenu, mwaka 1909, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali. Alianza Forodha mwaka 1926, akafanya kazi Pangani, na miaka ya baadaye akawa Tanga, ofisi ya wilaya kisha upimaji. Kalamu ya mwajiri mchana, kalamu yake mwenyewe baada ya hapo. Alimzika mkewe Amina, na bado akatunga. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa na miaka 53 tu, na tazama alichotuachia. Karani kama wewe. Ndani ya nyumba yake kulikuwaje, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo usimlinganishe mkeo na wake wa watu waliokwisha kwenda.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, nami nauona kwenye barua za wanaume na za wanawake. Kila mmoja anaingia na ndoto yake kibindoni na kumtaka mwenzake aipishe njia. Anataka nafasi, yeye kutoa nafasi hataki. Tumetazama kwenye simu meza nyeupe, taa nzuri, kikombe kinafuka moshi, tukadhani sanaa huanzia kwenye meza. Bibi zetu walitunga nyimbo wakitwanga, mchi ndio uliowapigia ngoma. Wavuvi walitunga wakivuta jarife. Hakuna aliyengoja mtaa unyamaze. Na wake nao wasikie: yupo mke anayeona daftari la mumewe akalifungia karanga, huyo siku yake itafika katika safu hii. Mkeo wewe si huyo. Alikwambia riwaya haijazi sufuria, hakukwambia riwaya ni mbaya. Hajapata ukurasa wa kuisoma. Alikuwa anaongea habari ya sufuria, wewe ukasikia anatukana kipaji chako.

Mchagua jembe si mkulima. Rudisha ufunguo wa chumba kwa mwenyewe mwisho wa mwezi huu, na ile laki tatu irudi kwenye kikoba kidogo kidogo kutoka mshahara wako, mkeo akiona kwa macho. Kahawani nenda siku mbili kwa wiki. Jioni zinazobaki, fika nyumbani mapema umpakate mtoto bila kuitwa.

Na saa ya kuandika unayo, umeitaja mwenyewe. Taa inayomkera saa tatu usiku, saa kumi alfajiri anaiwasha kwa mkono wake. Amka naye. Mchele ameuloweka tangu jana, wewe kaa kwenye mbuzi umkunie nazi, umkamulie tui, uwashe jiko. Vitumbua vikianza kugeuzwa, vuta kigoda, fungua daftari magotini na uandike hapo hapo jikoni mpaka adhana. Nusu ukurasa unatosha. Siku tano kwa wiki, mwaka mmoja, ni kurasa 130. Umesoma riwaya ngapi za Kiswahili zisizozidi hapo?

Kuachana kitoe mdomoni. Hukuniandikia kosa hata moja la mkeo, umeniandikia uchovu wake.

Jumamosi nenda sokoni Mgandini umnunulie ukindu, mafungu ya kutosha, na rangi amechagua yeye. Meza muachie. Sura ya kwanza ikikamilika, msomee jioni akiwa anasuka, usimwombe aache. Wewe soma tu, na macho yako yawe kwenye vidole vyake. Vikisimama, weka alama hapo pembeni ya ukurasa.