Baba kushinda kwenye TV: tazama nje ya geti
Pole ndugu. Umeuliza kwa nini baba yako, tangu ahamie kwako, anashinda kwenye TV na simu. Usimwite mvivu. Mji Mkongwe, Zanzibar, nyumba nyingi zina baraza za mawe mlangoni, na pale Jaws Corner, kiwanja kidogo cha mjini humo, wazee wanakunywa kahawa chungu na kucheza dhumna. Nani ataikumbuka runinga? Kwenu, kwa ulivyoeleza, ni kuta ndefu, bodaboda za kasi, hakuna pa kupita kwa miguu wala benchi la kivulini. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2020 lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ataanzia wapi? Mtafutie kijiwe cha kahawa cha jirani, na mtu wa kumvusha barabara.