Macho kukauka baada ya hedhi kukoma

Dada, umeuliza kama vidonge vya estrojeni (homoni ya kike) vitatibu macho yaliyoanza kukauka hedhi ilipokoma. Mimi nisingevitegemea. Tezi za machozi zina vipokezi, yaani sehemu zinazopokea ishara, vya homoni kadhaa, estrojeni ikiwemo, ila inayozisaidia zaidi ni androjeni, homoni ya kiume ambayo hata sisi wanawake tunayo na hupungua umri ukisogea. Vipokezi vyake vimo pia kwenye vitezi vya ukingo wa kope, vile vinavyotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Utafiti wa Marekani wa 2001, wenye wanawake zaidi ya 25,000, ulikuta waliotumia estrojeni peke yake wana uwezekano wa macho makavu uliozidi kwa asilimia 69 ule wa wasiowahi kutumia homoni. Muulize daktari kwanza. Kwa sasa kanda kope kwa kitambaa cha maji vuguvugu.