Povu la friji halirudishwi kwa kopo

Swali: Fundi, asalaam aleikum. Nauza ukwaju na barafu za ubuyu hapa Langoni, Lamu, kwa friji ya mtumba ya milango miwili. Ubavu wa kulia, sehemu ya chini, unatoka jasho mpaka maji yanatiririka sakafuni, na bati limefura. Mota haipumziki mchana wala usiku. Fundi wa hapa ameshajaza gesi mara mbili. Sasa anasema povu la ndani limekufa, atoboe matundu ubavuni aingize povu la kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kisha ajaze gesi tena. Nimkubalie?

Jibu: Wa aleikum salaam, mama. Usimkubalie.

Kuhusu kufa kwa povu, lile lililo ndani ya kuta kuzuia joto lisiingie, hakukosea. Jasho la mahali pamoja, bati kufura na mota kutopumzika, yote matatu yakikutana, ni dalili ya ukuta ulionyonya maji. Jasho lingekuwa limezunguka fremu ya mlango, ningekwambia tuanze na raba. Lakini kama ni povu, zile gesi mbili za kwanza zilikuwa za nini? Gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hailiwi kama mafuta ya taa. Ikipungua pana tundu, na tundu huzibwa kwanza ndipo gesi ipimwe kwenye mizani na kujazwa. Anayejaza bila kutafuta tundu anauza gesi, hatengenezi friji.

Sasa tuje kwenye povu lenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Wengi wanadhani povu ni kitu cha kujaza uwazi, kwa hiyo chochote kinachofura kitafaa. Sivyo kabisa. Kiwandani, ganda la bati la nje na bakuli la plastiki la ndani huunganishwa kwanza, mabomba na nyaya zikiwa zimeshapangwa katikati. Kabati hilo huingizwa kwenye kalibu nzito ya chuma, na ndani yake huwekwa kiini kilicholingana na umbo lake, kwa sababu povu likifura husukuma kwa nguvu. Bila kushikiliwa, bati lingevimba na plastiki ingepinda. Ndipo mashine inapochanganya dawa mbili, polioli na isosayaneti, pamoja na kifurishi, siku hizi mara nyingi saiklopenteni, na kuzirusha humo kwa shinikizo. Mchanganyiko huanza kufura ndani ya sekunde, hukimbilia kila kona kabla haujashika, na baada ya dakika chache kabati hutolewa likiwa kitu kimoja. Povu ndilo linaloshikamanisha bati na plastiki na kulipa kabati ugumu wake. Ukilibomoa, umebomoa kabati.

Ubora wa povu hilo umo katika vijitundu vyake. Karibu vyote vimefungwa, na kila kimoja kimehifadhi gesi iliyokifurisha, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko hewa. Maji hupitisha joto takriban mara 30 zaidi ya povu hilo. Kwa hiyo sehemu iliyoloa haizuii joto tena, na hakuna gesi utakayojaza kwenye mabomba ikafidia ukuta unaopitisha joto saa 24.

Pwani yetu nayo haina huruma. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande hushika kwenye chochote kilicho na nyuzi 26 kwenda chini. Ubavu ukipoa nyuzi 4 tu kuliko hewa ya jikoni, jasho. Jasho na chumvi huleta kutu, kutu hutoboa bati, na mvuke huingia kwenye povu na kugeuka maji upande wa baridi. Friji iliyovuka kwenu kutoka gati la Mokowe, upande wa bara, ikirushiwa maji ya bahari, kisha ikagongwa kwenye kona za njia zenu nyembamba, safari hiyo ya kutu huianza mapema.

Povu la kopo limetengenezwa kuziba kando ya fremu za milango na madirisha. Hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kwenye uwazi mkavu uliofungwa linaweza kubaki ute kwa muda mrefu. Kwako wewe hata uwazi haupo! Povu la zamani liko palepale, limejaa maji. Atakachofanya ni kuyafungia maji ndani na kulivimbisha bati zaidi.

Na drili haioni. Katika friji nyingi za siku hizi mabomba ya moto, yanayotoa joto la friji nje, yamefichwa ubavuni, yamegusana na bati kwa ndani. Ndiyo maana ubavu wa moto peke yake si ubovu. Hata yenye wavu mweusi mgongoni huenda ina bomba linalozunguka fremu ya mlango. Bomba likitobolewa ndani ya povu, friji imekwisha. Na kibandiko kikisema R600a, hiyo ni gesi inayowaka. Wanaobandika sponji ya godoro ubavuni nao waache: sponji hunywa maji, na penye mabomba ya moto huzuia joto kutoka.

Friji za namna hii hupigwa puti na rangi, zikarudi sokoni. Unaponunua mtumba, hapa Malindi au huko Lamu, inama uangalie chini kabisa, hasa penye rangi mpya. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba: bati likibonyea na kurudi, povu limeachana nalo. Iwashwe saa kadhaa mbele yako, kisha pitisha kiganja kuta zote ukitafuta pahali penye baridi. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Yako, mama, haitengenezeki. Kompresa, ndiyo hiyo mota, ikiwa nzima iuze kama spea, na gesi iondolewe na fundi mwenye vifaa. Mvuvi akilitaka ganda la kuwekea barafu, mwambie mapema kwamba ubavu ulioloa utaiyeyusha haraka, na milango ing'olewe, ibaki ya kufunika tu, mtoto asije akajifungia ndani akakosa hewa. Wasilichome moto ufukweni kupata chuma: moshi wa povu hilo una sumu za kaboni monoksaidi na sayanaidi, na kama friji ni ya zamani sana, povu lake huenda bado lina zile gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zilizopigwa vita na mkataba wa kimataifa, Itifaki ya Montreal ya 1987.