Bibi wa Mbare na watafiti wa London
Umeuliza kama ushirikiano huu wa watafiti wa kwetu na wa Ulaya umewahi kumsaidia mgonjwa, au huishia kwenye semina tu. Angalia Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, Harare, na bibi 14. Hakupewa chumba wala wauguzi, basi wakakaa nje kwenye benchi, bibi wakawasikiliza wagonjwa na kuzungumza nao. Yeye aliliita benchi la afya ya akili; bibi wakamwambia hapo hakai mtu. Likawa Benchi la Urafiki.

Chuo Kikuu cha Zimbabwe na vyuo vya London vikaingia kupima kama linasaidia. Zahanati 24, wagonjwa 573, matokeo yakachapishwa 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa waliopitia benchini walikuwa asilimia 14, na kwa wale wa huduma ya kawaida asilimia 50.

Ila wageni hawakuja na dawa mfukoni. Walileta namna ya kupima na mwongozo wa kusimamia jaribio. Maneno yalikuwa ya bibi: hawasemi sonona, wanasema "kufungisisa", Kishona cha kuwaza kupita kiasi (kwetu mtu angedhani amefungwa!). Hata maswali ya kumpima mgonjwa yalitungwa kwa Kishona.

Kwa hiyo ukisikia mradi wa namna hii unakuja kwenu, uliza kwanza dodoso limetungwa kwa lugha gani.